Mtoto Asiyetaka Kushikwa

Watu wa kijiji chetu wakitaka kunitania husema mimi nalipwa kuchezea tope. Wanasema mbele yangu, tena huku wakinywa chai yangu. Siku hizi nawaacha, maana nimechoka kueleza, lakini zamani nilikuwa napandwa na hasira kweli kweli. Chekechea yangu ni chumba kimoja kilichokuwa ghala la mbegu, huku juu milimani kwenye bonde la mto Naryn ambako theluji hutukalia karibu nusu ya mwaka, na watoto ninaowapokea ni wa kuanzia miaka miwili hadi wanapoanza shule. Vitu vya kuchezea vya dukani sina. Nina mabeseni.

Kila asubuhi nayapanga juu ya mkeka, kila beseni na kitu chake. Ngano kavu ya kumimina na kuzikia mikono. Unga niliokanda kwa chumvi, nikautia rangi kwa bitiruti na maganda ya vitunguu. Barafu niliyoigandisha nje na vifungo vya nguo ndani yake, waiyeyushe kwa maji ya vuguvugu na kwa pumzi zao wenyewe. Sufu ya kondoo iliyooshwa. Mchanga wa mtoni, mara mkavu, mara mbichi. Na mfuko wa vifupa vya kondoo, vile vya kifundo cha mguu ambavyo sisi sote tumevichezea tangu utotoni. Mtoto anatia mkono bila kuchungulia, anasema ameshika upande wa mgongo au wa tumbo. Mtoto wa umri huo akili yake iko kwenye vidole. Anayebisha aje akae na hao watoto wangu kutwa nzima, halafu ndiyo abishe.

Eldiyar aliletwa mwanzoni mwa baridi na bibi yake, Apa Zuurakan. Kwetu mtoto wa kwanza wa mwanao wa kiume ni wako, unamlea wewe na anakuita wewe mama, ndiyo maana hata yeye alimwita bibi yake Apa, yaani mama, kama tunavyomwita sisi wote. Wazazi wake wako Moscow, wanafanya kazi kwenye ghala moja. Mtoto alikuwa anakaribia miaka minne. Alikuwa amevalishwa sufu kuanzia utosini hadi kwenye nyayo: kofia ya sufu, kizibao cha sufu, viatu vya sufu, glavu za sufu. Hilo halikunishangaza, kwani Apa Zuurakan ndiye fundi wa mazulia ya sufu asiye na mpinzani hapa kwetu. Sufu anayoimwagia maji moto na sabuni, akaikanyaga na kuiviringisha, inashikana ikawa ngumu kiasi kwamba wajukuu wa wajukuu zako wataikalia. Kwake yeye, kumpenda mtu ni kumvisha sufu.

"Nimekuletea mwanangu," aliniambia, akiwa bado mlangoni. "Mfundishe namba na herufi. Hayo matope yako wape wengine."

"Apa, hapa matope ndiyo masomo."

"Basi mimi nimehitimu siku nyingi. Hebu nipe cheti."

Akacheka kwa nguvu, akainama kumvua mtoto kofia, na hapo nikaona. Mara tu mkono wake ulipofika shingoni mwa mtoto, Eldiyar alipandisha mabega hadi masikioni, akajivuta kando kama aliyemwagiwa maji ya moto. Hakulia. Alivuta mikono yake ndani ya mikono ya shati mpaka vidole vikapotea, akaenda kusimama karibu na jiko kwa ncha za vidole vya miguu.

Ndivyo alivyokuwa. Alitembea kwa ncha za vidole kama sakafu ina makaa. Maandazi aliyala kwa kijiko. Wenzake walipozama hadi viwiko kwenye unga, yeye alisimama hatua kadhaa nyuma akitazama, macho yakimeta kwa hamu, mikono imefungiwa ndani ya shati. Alikuwa anataka, hilo nilikuwa naliona wazi, ila mwili wake ulikuwa unamkatalia. Kwa hiyo nikampa kijiko kirefu cha mbao. Alikoroga ngano, alibonyeza unga, aligonga barafu. Kwa kijiko hicho alicheza vizuri tu, na mimi sikuwa na haraka naye.

Aliyekuwa na haraka alikuwa Burul. Huyu ni binti wa mfuga farasi wetu, miaka mitano, vidole vyake vina jamu tangu Januari hadi Desemba. Alimpenda Eldiyar kuanzia siku ya kwanza, na kwa Burul kupenda ni kumvaa mtu mzima mzima. Alimkimbilia na mikono yake ya jamu, mwenzake akaingia chini ya meza.

"Eje," Burul akanishtakia, maana watoto huniita hivyo, dada mkubwa. "Huyu kaharibika."

"Hajaharibika. Hapendi kushikwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akakunja uso, akamtazama chini ya meza kwa muda. "Kama mwanafarasi wetu mweusi," alisema, kisha akaenda kula.

Kesho yake nilimwona Burul amechuchumaa mbele ya ile meza, kiganja kimefunguka, juu yake kifupa kimoja cha kondoo. Alikuwa anatazama dirishani, hamtazami mtoto, huku akijiimbia taratibu. Nilipomuuliza anafanya nini, aliniambia ninyamaze, nitamtisha. Baba yake, akasema, akitaka kumzoea mwanafarasi hamkimbilii. Anakaa chini na chumvi mkononi, anatazama pengine. Nikanyamaza kama nilivyoamriwa. Mwishowe kidole kimoja kilichungulia kwenye mkono wa shati, kikakiburuta kile kifupa kutoka kwenye kiganja chake, kikarudi ndani nacho. Burul hakusherehekea. Alifuata kifupa kingine.

Kuanzia hapo tulijua kwamba Eldiyar anapenda vitu vikavu, vigumu na laini juu: mifupa, kokoto, vifungo. Na tukajua jambo la pili lililo kubwa zaidi, kwamba yeye anaweza kugusa ila hawezi kuguswa. Ukimwachia aje mwenyewe, atakuja, kwa kidole, kwa mwendo wa konokono. Siku moja jiko lilikuwa limekolea moto, nikamwambia avue kizibao, na nikakuta ameweka vipande vya gazeti ndani ya ukosi, kuizunguka shingo yake.

"Hii ya nini, mwanangu?"

"Sufu inauma."

"Inawasha?"

"Inauma," alisema tena, kwa subira, kama mtu anayezungumza na asiyesikia vizuri.

Nilikuwa nangoja nafasi ya kumwambia bibi yake. Nafasi ilikuja, lakini haikuja nilivyotaka. Theluji ilikuwa inaanguka, wazazi wengine walishachukua watoto wao. Apa Zuurakan aliingia, akajikung'uta, akamfuata Eldiyar kumfuta pua, na mtoto akateleza chini ya meza. Yule mama, ambaye sokoni anaogopwa hata na wanunuzi kutoka mjini, alisimama na kitambaa mkononi. Kisha akakaa kwenye kigoda kimojawapo cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Anipa," aliniita kwa jina langu, "nikuulize kitu. Mtoto anaweza kumchukia mtu aliyemlea?"

"Nani amekuambia anakuchukia?"

"Nina macho. Tangu mchanga ananikimbia. Nikimkumbatia anakauka kama ubao. Watu wanaona, na wanasema. Wanasema mtoto anamtaka mama yake, mimi namng'ang'ania tu." Aliteremsha sauti, ingawa aliyekuwa anasikia ni mmoja tu na yuko chini ya meza akipanga vifupa. "Baba yake, Kubat, amenipigia simu. Anakuja masika. Ameniambia, Apa, kama anakuchosha, nitaondoka naye. Nimemwambia aje tumkatie kamba kwanza. Ikikatwa na bado ananikimbia, nitafunga nguo zake mwenyewe."

Kamba ilikuwa jambo la siku nyingi. Mtoto akianza kusimama dede, sisi humfunga miguu kwa kamba iliyosokotwa nyeusi na nyeupe, watoto wa jirani wanashindana mbio kutoka mbali, na atakayefika kwanza anaikata kwa kisu na kumshika mtoto mkono amtembeze, ili maisha yake yote asijikwae. Eldiyar alifungwa alipokuwa na mwaka mmoja, akapiga kelele hadi akatapika. Wageni waliondoka na nyama zao kwenye mifuko, kamba ikafunguliwa bila kukatwa. Apa Zuurakan aliamini kila kitu kimeanzia hapo. Mtoto bado amefungwa, alisema, ni sisi tu hatuioni kamba.

"Ile kamba uliisokota kwa sufu gani?" nilimuuliza.

Akajivuna, hata katika huzuni yake. "Ya shingo ya kondoo dume. Ile ninayoshonea kingo za mazulia. Hiyo haikatiki miaka mia. Ungetaka nimfunge mwanangu kwa takataka?"

Hapa ndipo nilipaswa kusema kwa upole, na upole si kipaji changu. Nilimwambia sufu inamchoma, ndiyo maana ana magazeti shingoni. Nikamwambia asimkamate, amfungulie kiganja na kungoja, kama Burul. Alinitolea macho.

"Mimi? Nimpigie mtoto wangu magoti, mkono mbele, kama ombaomba?"

"Si kuomba, Apa. Ni kungoja."

"Sijamngoja mtu yeyote tangu nizaliwe. Hata mume wangu alipokuja kunichukua alinikuta nimeshapanda farasi."

"Basi endelea kumkamata, naye aendelee kukimbia. Tatizo si kamba. Tatizo ni hiyo mikono yako."

Neno lilishatoka. Alitazama mikono yake. Ni mikono ya miaka arobaini ya sabuni kali na maji ya moto, ngozi imepasuka kuzunguka vidole gumba, viganja vigumu kama gome la mti. Aliificha ndani ya koti, akamwita Eldiyar kwa sauti ya chini, wakaondoka, yeye mbele na mtoto nyuma kwa ncha za vidole. Niliwatazama wakivuka theluji nikajisikia vibaya, kisha nikajikasirikia kwa kujisikia vibaya, maana nilikuwa nimesema kweli.

Hakurudi. Aliyekuwa anamleta na kumchukua mtoto alikuwa mume wake, mzee Jumash, mtu wa maneno machache na kofia ndefu.

"Apa hajambo?" nilimuuliza.

"Hajambo. Hanisemeshi."

"Amekukasirikia wewe?"

"Amekukasirikia wewe. Mimi ndiye niliye karibu."

Mabeseni hayakusimama kwa ajili ya ugomvi wetu. Siku moja tulitandaza sufu juu ya mkeka wa matete ili watoto watengeneze kizulia chao, wakaikanyaga kwa miguu mitupu, povu hadi magotini, mmoja anaimba, mwingine anaanguka kwa makusudi. Eldiyar hakukanyaga. Nilimpa birika awe mtu wa maji, na kazi hiyo aliifanya kwa umakini mkubwa, anamimina kidogo hapa, kidogo pale, akimkemea anayeruka kabla ya wakati. Maji yalimrukia mkononi pamoja na povu. Alilitazama lile povu. Nilijua ataliangusha birika. Badala yake alilileta povu karibu na pua yake, akalipuliza, likaruka, akacheka. Nimefundisha miaka mingi na ningeweza kulia kwa ajili ya povu lile.

Baridi ilipoanza kulegea, Apa Zuurakan alirudi. Hakunisalimia. Alitoa kifundo cha kitambaa kifuani, akakifungua juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na kamba nyembamba, nyeusi na nyeupe, imesokotwa vizuri ajabu. Niliishika nikadhani sijashika kitu. Ilikuwa ya manyoya ya ndani ya mbuzi, yale tunayoyachana kwa kitana masika, mepesi kama pumzi. Watu hulipana ng'ombe kwa shali za manyoya hayo.

"Mikono siwezi kuibadilisha," alisema. "Kamba naweza."

"Apa, siku ile mimi..."

"Wewe una mdomo kama kisu cha kukatia sufu, na mimi nimezoea visu. Nionyeshe pa kuiweka."

Tukaiweka kwenye beseni tupu, katikati ya mabeseni mengine, bila kumwambia mtu. Nilimkatalia kukaa ndani, kwa hiyo alisimama nje dirishani, na kila asubuhi kioo kilikuwa na duara la ukungu mahali pa pumzi yake. Nilimwambia anawazuia watoto wasiione milima. Aliniambia milima ipo tu, haiondoki. Eldiyar aliikoroga kamba kwa kijiko. Baadaye akaigusa kwa kifupa. Baadaye kwa kidole, akakirudisha, akakitazama kidole chake kama kina habari mpya. Asubuhi moja akaiviringisha kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, akaenda nayo kwenye mchanga, akasahau kwamba ameivaa. Nje ya dirisha Apa Zuurakan alimpiga kofi la mgongo mzee Jumash hadi kofia yake ikaanguka kwenye theluji.

Ila mikono ya bibi yake, mtoto aliendelea kuikimbia. Nilimkumbusha Apa mara moja kuhusu kungoja. Alinijibu kwamba kamba ikishakatwa kila kitu kitakaa sawa, na akanipa kisogo.

Siku ya sherehe theluji ilikuwa imeyeyuka na ua wao wote ulikuwa tope. Watu walijaa. Masufuria yalichemka nje, wanawake wanakata tambi, wanaume wamesimama wakisema mambo ya bei za kondoo. Kubat alifika kutoka Moscow na jaketi jipya na uso wa uchovu. Alichuchumaa mbele ya mwanawe na zawadi, gari jekundu la chuma, na kwa bahati lilikuwa gumu, kavu na laini juu, kwa hiyo lilipokelewa. Alipotaka kumbusu, mtoto alirudi nyuma. Kubat alisimama, akamtazama mama yake kwa huruma, na huruma ile, nakuambia, ilimchoma Apa Zuurakan kuliko tusi.

"Mkubwa kama huyu mnamfunga miguu?" mgeni mmoja alitania. "Mngengoja apate ndevu."

"Funga mdomo wako, nzi wataingia," alijibu Apa Zuurakan, na watu wakacheka.

Mzee Jumash ndiye aliyemfunga, juu ya soksi, taratibu, huku Eldiyar mwenyewe ameshika ncha moja ya kamba. Waliokuwa karibu walirudi nyuma hatua moja. Wengi walikuwepo mara ile ya kwanza. Mtoto aliitazama miguu yake, akasogeza kidole gumba, akasema, "Imefungwa." Basi. Hakuna kelele. Nilimwona Apa Zuurakan akiachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi.

Watoto walitoka mbio kutoka zizini, wadogo kwa wakubwa, wakianguka, wakirukiana. Aliyeshinda alikuwa Burul, tope hadi kwenye nyusi. Akapewa kisu, nikashika mkono wake asije akamkata mtu, na kamba ikakatika kwa mara moja. Watu wakapiga vigelegele.

"Haya, mshike mkono umtembeze," akasema mtu.

Miezi yote ile tulikuwa tumeshughulika na kamba. Mkono hakuna aliyeukumbuka, si mimi, si bibi. Eldiyar aliutazama mkono wa Burul, wenye tope, mafuta ya maandazi na ile jamu yake ya kudumu, na vidole vyake vikapotea ndani ya shati. Midomo ikaanza kutetemeka. Apa Zuurakan akaruka kama alivyoruka siku zote, mikono mbele, amdake kabla hajalia. Mtoto akapandisha mabega hadi masikioni, akajikunyata, akampa mgongo. Mbele ya wote. Mbele ya Kubat.

Apa Zuurakan alisimama palepale, mikono hewani.

Burul yeye hakuwa na wasiwasi wowote. Alifuta kiganja kwenye gauni, kikawa kichafu zaidi, akachuchumaa na kukifungua. Kisha akageuza uso, akaanza kutazama masufuria na kujiimbia. Wageni walianza kunong'ona. Mwingine alisema nyama inapoa. Hakugeuka. Kidole kimoja kikatoka kwenye shati, kikagusa kiganja, kikafutwa kwenye suruali. Kikarudi. Vikaja vidole viwili, kisha mkono mzima, na Burul akainuka kwa utaratibu, wakatembea. Hakutembea kwa ncha za vidole, maana kwenye tope lile angezama. Aliukanyaga ua kwa nyayo nzima, kish, kish, akisikiliza sauti yake. Wakazunguka ua mzima, watu wakiwapisha, wakaja wakasimama mbele ya Apa Zuurakan, aliyekuwa bado hajasogea.

Nilikuwa karibu naye. Niliuona uso wake ukihangaika. Alikuwa amevaa kizibao chake cha mahameli cha sherehe, na wakwe walikuwa wanatazama, na wanunuzi wake, na mwanawe. Akajikaza kisabuni, akapiga magoti kwenye tope. Yule yule anayeogopwa sokoni. Akafungua kiganja chake cha kulia, akageuza uso, akatazama masufuria.

Akangoja. Mtu wa jikoni aliita kwamba maji yanamwagikia moto, hakujibu. Kubat alipiga hatua kumwinua, mzee Jumash akamshika kwenye mkono wa lile jaketi jipya na kumrudisha, na sidhani kama Kubat aliwahi tena kulisema lile alilokuja kulisema, maana alipoondoka aliondoka peke yake.

Eldiyar aliuachia mkono wa Burul. Aliinama juu ya kiganja cha bibi yake kama anavyoinama juu ya mabeseni yangu, akikichunguza. Alikuwa hajawahi kukiona, kwa sababu kilikuwa hakijawahi kutulia. Akatoa kidole, akakipitisha taratibu kwenye ule mpasuko ulio kando ya kidole gumba.

"Apa. Mkono wako una miiba."

"Najua, mwanangu," alisema, bado akitazama masufuria.

"Unauma?"

"Sitakugusa. Hautakuuma."

"Wewe," mtoto alisema kwa subira ile yake. "Unakuuma wewe?"

Apa Zuurakan aligeuka. Mtoto wa miaka minne alikuwa amemuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, si mimi, si mumewe, si wanunuzi wote wa mazulia yake.

"Kidogo," alisema. "Wakati wa baridi."

Eldiyar alifikiri. Kisha akaweka mkono wake mzima ndani ya kile kiganja, akaubonyeza palipopasuka, akauacha hapo.

"Na sasa?" aliuliza.

"Sasa hauumi," alisema Apa Zuurakan, na hakukifumba kile kiganja mpaka mtoto alipouondoa mkono wake mwenyewe.